Somo la Robo Hii: Babu Anaposema "Tunamshukuru Mungu"



Kila kamati ya parokia inayotembelea wazee inalijua jibu hili. Mmefika, mmekaribishwa, mmekalishwa kwenye benchi lililofutwa vumbi harakaharaka. Mnamuuliza babu habari za siku nyingi, naye anajibu, "Tunamshukuru Mungu." Mnauliza habari za afya, jibu ni lile lile. Mnauliza habari za wajukuu, anatabasamu na kusema wapo, wanakua, wanasoma, Mungu ni mwema. Katibu anaandika kwenye daftari: hali nzuri. Mnasali pamoja, mnaaga, mnakwenda nyumba ya pili ambako mama mmoja anaeleza shida zake nusu saa nzima bila kupumzika. Kamati inapoketi mwisho wa mwezi kugawa kidogo kilichopo, yule mama yumo kwenye orodha na babu hayumo.

Hatusemi kwamba mama huyo hakustahili. Huenda shida zake ni za kweli zote. Lakini somo la robo hii linamhusu babu, kwa sababu shukrani yake ni tendo la imani, na papo hapo ni tendo linalosomwa vibaya kuliko mengine yote tunayokutana nayo vijijini. Wengine huisoma kama taarifa kwamba hana shida. Wengine huisoma kama sifa zinazotuelekea sisi tuliompelekea sabuni. Tunadhani zote mbili si sahihi.

Yakobo wa sura mbili

Tunashauri kikao cha jumuiya kisome Mwanzo sura ya 47 na ya 48 zote kwa sauti, bila kuchagua mistari miwili mitatu tu. Katika sura ya 47 Yakobo anasimamishwa mbele ya Farao. Mfalme anamuuliza umri wake. Mzee anajibu kwamba ameishi miaka 130, kisha anaongeza jambo ambalo hakuulizwa: kwamba miaka hiyo anaiona michache, yenye taabu, wala haijaifikia ile ya baba zake. Hayo ni malalamiko, tena mbele ya mtu aliyempa ardhi na chakula wakati wa njaa. Farao hakukasirika, na wala hatusomi kwamba alimwondoa kwenye orodha.

Miaka 17 baadaye, katika sura ya 48, mzee huyo huyo ni mgonjwa na macho yake hayaoni vizuri. Yusufu anamletea wanawe wawili, Manase na Efraimu. Yakobo anajikaza, anaketi kitandani, anawakumbatia na kuwabusu. Anamwambia Yusufu kwamba hakutazamia kuuona uso wake tena, na kumbe Mungu amemwonyesha hata uzao wake. Hakuna shukrani ya babu iliyo nzuri kuliko hiyo katika Maandiko yote, na wanakamati wengi wanaikumbuka.

Sehemu ambayo hukumbukwa kwa nadra ni mstari wa 7. Katikati ya maneno yale ya baraka, bila kuulizwa, Yakobo anamtaja Raheli aliyemfia njiani, karibu na Efratha. Miaka mingi imepita, wajukuu wapo mbele yake, moyo umejaa furaha, na bado kaburi la njiani linamjia mdomoni. Mwandishi hakulikata jambo hilo ili shukrani ionekane safi zaidi. Mzee anashukuru huku akiwa na uchungu wake pembeni, na wote wawili, Yakobo wa Farao na Yakobo wa wajukuu, ni mtu mmoja.

Nyumba za Kagera

Tunayasema haya tukizifikiria nyumba za Mkoa wa Kagera, magharibi ya Ziwa Viktoria. Huko ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walikotambuliwa mwaka 1983. Miaka iliyofuata iliondoa baba na mama katika nyumba nyingi, ikabakiza wazee na watoto wadogo. Watu waliokuwa wanatazamia kulishwa na watoto wao walianza upya kununua madaftari na kuamka usiku mtoto anapolia. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, na hali ilibadilika sana. Wajukuu wa miaka ile leo ni watu wazima. Wengine wamejenga, wengine wamekwenda Mwanza na Dar es Salaam kutafuta maisha, na wapo waliowarudisha watoto wao wenyewe kwa babu yule yule aliyewalea. Kwa hiyo yapo majiko ambayo mzee mmoja amepikia vizazi vitatu.

Katika nyumba hizo wengi wanaolea ni bibi, na ni haki huduma zetu kuwaangalia wao kwanza. Lakini babu aliyefiwa na mke ana ugumu wake ambao hauandikwi. Alilelewa akijua kwamba jikoni si mahali pake. Sasa anamenya ndizi, anachambua maharage, anafua sare za shule. Hasemi. Kuomba msaada wa chakula kwa mwanamume wa umri wake ni kama kutangaza kwamba kibanja kimemshinda. Ukimuuliza, anachagua neno lililo salama na la kweli pia: tunamshukuru Mungu.

Na kibanja kweli kinaweza kumshinda. Mnyauko wa migomba uliingia Kagera mwaka 2006, na dawa yake si ya kupulizia. Mgomba ulioambukizwa hung'olewa wote pamoja na machipukizi yake, ua dume huondolewa kwa mti wenye panda badala ya panga, na vifaa vya shamba husafishwa kwa moto au kwa dawa ya kuulia vijidudu kabla ya kugusa mgomba mwingine. Kijana anaweza kuyafanya hayo kwa siku mbili. Mtu wa miaka 78 mwenye maumivu ya kiuno anaona shina likianza kunyauka, anajua kabisa linalopaswa kufanyika, na hana mikono ya kulifanya. Likaja tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016, na nyumba nyingi zikapasuka kuta au kuanguka. Mzee akisema anamshukuru Mungu kwa paa, hajazoea kusema tu.

Anachokishukuru ndicho kinachoweza kukosekana

Hapa ndipo tunapotaka kamati zikae kidogo. Shukrani ya mzee huwa na majina ndani yake. Akiachwa aendelee kuongea, hatasema tu kwamba anamshukuru Mungu. Atasema anamshukuru kwa nini. Na mara nyingi kile anachokitaja ni kile ambacho amekwisha kuona kwamba kinaweza kumponyoka. Mtu hashukuru sana kwa kisima kilicho mlangoni. Anashukuru kwa mtoto anayemletea maji kutoka bondeni.

Babu mmoja mjane tuliyemtembelea pamoja na mhudumu wa kujitolea wa parokia alitukaribisha kwa kahawa za kutafuna kama ilivyo desturi ya kwao, kisha akaanza. Alishukuru kwa kuamka. Alishukuru kwa mjukuu wake wa kike, mtoto wa binti yake marehemu, aliyekuwa darasa la saba, kwa kuwa huchota maji kabla ya kwenda shule. Alishukuru kwa jirani anayempa kaa la moto asubuhi. Alishukuru kwamba bado anaiona njia ya kwenda kanisani kukiwa kumepambazuka vizuri. Alishukuru kwa kibanja alichoachiwa na baba yake, ambamo wazazi wake na mkewe wamezikwa. Alipomaliza alituombea safari njema.

Mhudumu yule, mama ambaye hatutamtaja jina kwa kuwa hapendi kutajwa, hakuandika "hali nzuri". Aliandika shukrani zote tano, kila moja na swali pembeni yake. Mtoto anayechota maji yuko darasa la saba: akienda sekondari, nani atachota? Kaa la moto linatoka kwa jirani: je, mzee hana kiberiti, au hana kuni? Njia anaiona kukipambazuka vizuri: na jioni je? Kibanja ni cha ukoo: mjukuu wa upande wa binti atabaki nacho, au siku ya matanga ataondolewa? Kuhusu kuamka aliandika tu, "Analala peke yake chumba cha mbele."

Yale maswali yalizaa kazi. Jumuiya ilipanga zamu ya maji miezi miwili kabla mtoto hajaanza kidato cha kwanza, si baada ya mzee kukaa siku mbili bila maji. Kuni zilikuwa ndiyo shida, na vijana wa kwaya walizipasua Jumamosi moja. Madaktari wa macho walipofika hospitali ya jirani mzee alipelekwa, wakakuta mtoto wa jicho, naye akafanyiwa upasuaji jicho moja. Bandeji ilipotolewa na akarudi nyumbani, neno lake la kwanza halikuwa shukrani. Alimtazama mjukuu wake, akauliza kwa ukali kidogo kwa nini hakuna aliyemwambia kwamba kola ya shati la mtoto imechanika. Tulicheka sote. Kisha akaomba sindano na uzi.

Suala la kibanja ndilo lililochukua muda mrefu, na tunalitaja ili kamati zisiliogope. Kwa mila za Wahaya, kama zilivyo za makabila mengi, ardhi ya ukoo hufuata upande wa kiume, na mtoto wa binti hana uhakika. Babu anayelea mjukuu wa namna hiyo anajua hivyo kuliko sisi. Wosia ulioandikwa wakati mzee ana akili timamu, mbele ya mashahidi, wakiwamo wa ukoo wenyewe, unaweza kuzuia ugomvi mwingi. Kamati isiandike wosia kwa kubahatisha. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa rasmi. Mwulizeni afisa maendeleo ya jamii yuko wapi aliye karibu nanyi.

Msikimbilie mambo makubwa

Huko Nshamba, wilayani Muleba, mradi uitwao Kwa Wazee ulianza mwaka 2003 kuwapa wazee, hasa bibi wanaolea wajukuu, kiasi kidogo cha fedha kila mwezi bila kuwapangia matumizi. Tathmini ya mradi huo iliyochapishwa mwaka 2008 ilipewa jina linalotaja vitu vitatu: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Wanaoogopa kwamba mzee akipewa fedha mkononi atazinywea rubisi wangelitafakari jina hilo.

Tunalipenda kwa sababu lingine pia. Vitu hivyo vitatu ndivyo tunavyovisikia kwenye shukrani za wazee wetu. Ada za shule za msingi zilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na za kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, jambo ambalo kila babu analishukuru. Lakini viatu, sare, madaftari na sabuni ya kufulia hiyo sare vimebaki kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba ni yeye. Wazee wengi wa vijijini hawakuajiriwa, kwa hiyo hawana pensheni. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mtu mwenye miaka 70 na kuendelea pensheni jamii ya shilingi 20,000 kwa mwezi, ikaipandisha hadi 50,000 mwaka 2023. Kenya nayo inalipa walio na miaka 70 na kuendelea kupitia Inua Jamii. Kwa babu wa Tanzania Bara, mara nyingi mfuko wa karibu zaidi bado ni ule wa jumuiya yake. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 3 wenye miaka 60 na kuendelea nchini, kwa hiyo hakuna parokia inayoweza kusema haina wazee.

Barzilai na heshima ya mzee

Jambo la pili kutoka Maandiko ni fupi. Barzilai wa 2 Samweli sura ya 17 na ya 19 alimlisha Daudi alipokuwa mkimbizi: vitanda, mabakuli, ngano, maharage, asali. Mambo yalipotulia mfalme alitaka kumchukua aishi naye Yerusalemu. Mzee alikuwa na miaka 80. Alikataa kwa upole. Alisema ulimi wake hauonji tena tofauti ya vyakula na masikio yake hayafaidi sauti za waimbaji, na kwamba angependa kufia mji wake, karibu na kaburi la wazazi wake. Kisha akamsukuma mbele kijana Kimhamu: mchukue huyu.

Wanaofanya kazi Kagera watamtambua mara moja. Ni yule babu ambaye watoto wake wa mjini wanamtaka ahamie kwao, naye anakataa kuyaacha makaburi ya kibanjani. Ni yule ambaye ukimuuliza anahitaji nini kwa ajili yake mwenyewe anasema hahitaji kitu, lakini ukiuliza kuhusu Kimhamu wake, anakuwa na maneno. Muulizeni kupitia mjukuu. Hiyo si hila. Ndiyo njia ambayo heshima yake inamruhusu kupita.

Tena kumbukeni kwamba Barzilai ndiye aliyeanza kutoa. Mzee akiwapa mkono wa ndizi mnapoaga, msiukatae kwa kumwonea huruma. Tumeona wanakamati wenye nia njema wakimrudishia mzee ndizi zake, na tumeona uso wake ulivyobadilika. Zipokeeni. Kama kweli zinawasumbua dhamiri, mpelekeeni jirani yake mgonjwa, lakini msimrudishie.

Neno kwa wafadhili

Wapendwa wafadhili, barua za shukrani mnazozipokea, nyingine zikiwa na alama ya dole gumba badala ya sahihi, ni za kweli. Hatuwaandikii wazee maneno. Tunawaomba tu msizitumie kama kipimo cha mradi. Katika Luka sura ya 17 wakoma kumi walitakaswa, na mmoja tu alirudi kushukuru. Yesu aliuliza waliko wale tisa, na swali hilo lilimuuma. Hata hivyo hatusomi mahali popote kwamba ukoma uliwarudia. Walioshukuru na wasioshukuru walipona wote.

Kwa sababu hiyo, taarifa zetu kutoka parokiani zitawaletea mambo mawili kwa pamoja: kile ambacho mzee alikishukuru, kwa maneno yake, na swali ambalo kamati iliandika pembeni. Baadhi ya maswali hayo yatakuwa hayajapata jibu mtakapoyasoma. Tungependa myaone hivyo hivyo.

Kwa kikao cha jumuiya

Baada ya kusoma Mwanzo 47 na 48, kila mmoja ataje jambo moja ambalo babu au bibi yake mwenyewe alikuwa akilishukuru mara kwa mara. Mjadili kwa nini hasa alilitaja hilo: lilikuwa limewahi kukosekana? Kisha fungueni rejista ya wazee. Ni wangapi mmewaandikia "hali nzuri", na ni nani aliyewaambia hivyo, mzee mwenyewe au mtoto aliyekuwa akifagia uwanja? Watoto wakati mwingine wanajua zaidi, ila msiwahoji mbele ya babu yao. Je, katika jumuiya yenu yuko mzee mwanamume anayepika mwenyewe? Nani kati yenu anaweza kwenda kukaa naye bila daftari, hata kama ni kuchambua maharage tu?

Parokia zinazotaka kufanya zoezi hili katika siku maalumu zinaweza kuchagua Siku ya Kimataifa ya Wazee, tarehe 1 Oktoba, ambayo Umoja wa Mataifa uliitangaza mwaka 1990. Wakatoliki wanayo pia Jumapili ya nne ya Julai, iliyowekwa na Papa Fransisko mwaka 2021 kwa ajili ya babu, bibi na wazee. Siku hizo huwa na nyimbo na zawadi, na ni vizuri. Maswali ya pembeni yaandikwe wiki moja kabla, wakati wazee wako nyumbani kwao na jiko linawaka au haliwaki. Rejista zenye safu hiyo mpya zifike kwa mratibu wa jimbo pamoja na taarifa ya robo, na kama mzee amekataa jambo lake lisiandikwe, acheni nafasi wazi.